Kutoka Kisaki Hadi Gatini: Safari ya Abiria wa Miguu Kuelekea Boti za Zanzibar



Mada hii inamhusu msafiri ambaye hutajwa kwa nadra katika taarifa za huduma: abiria wa miguu. Huyu hana gari lake, wala hana ndugu mwenye gari wa kumpeleka hadi mlangoni. Hutoka nyumbani na begi mkononi, hungoja chombo cha umma barabarani au stesheni, hushuka, hutembea, hupanda kingine, na mwishowe hutakiwa awe amefika bandarini Dar es Salaam kabla boti ya Zanzibar haijang'oa nanga. Ni mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Unguja. Ni kijana aliyeitwa kazini katika hoteli ya pwani. Ni mama anayekwenda kumwangalia binti yake aliyeolewa huko na sasa amejifungua. Kwa kila mmoja wao boti ina saa yake, na saa hiyo haimjui aliyekwama njiani.

Anayechelewa hulala Dar es Salaam. Kulala huko kuna gharama ya chumba na chakula, na mara nyingine kuna gharama ya tiketi mpya. Kwa familia inayoishi kwa mpunga na ufuta, fedha hiyo ilikwisha kupangiwa kazi nyingine. Kwa hiyo suala la kufika bandarini kwa wakati ni suala la kipato cha kaya, na linastahili kujadiliwa katika vikao vya kata kama yanavyojadiliwa maji na zahanati.

Safari ya kuelekea pwani si jambo geni katika nchi hii ya Ukutu. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilipita hapa ikienda na kurudi pwani. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita Ukutu wakielekea bara, wakalazimika kupumzika Dutumi kwa sababu ya homa. Katika zama hizo safari kati ya Ukutu na bahari ilihesabiwa kwa wiki. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Tangu hapo mtu wa Kisaki akawa na mlango wa kwenda pwani kwa upande wa kaskazini: apande hadi Morogoro, kisha ateremke na reli. Mlango wa pili ulifunguka katika miaka ya 1970, Reli ya Uhuru ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Reli hiyo ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilipita Kisaki na kuipa stesheni.

Hivyo Kisaki ina milango miwili. Kila mlango una faida yake na una kasoro yake, na abiria anayevijua vyote viwili ndiye anayesafiri kwa amani.

Mlango wa kwanza ni TAZARA. Faida yake ni kubwa: abiria hupandia hapahapa na kushukia Dar es Salaam bila kubadilisha chombo. Treni hupita Matambwe na Fuga, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hadi stesheni kuu ya TAZARA iliyopo kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela. Katika majira ya mvua, barabara inapokuwa tope, reli hubaki kuwa njia ya kutegemewa. Kasoro yake ni kwamba treni za abiria ni chache kwa wiki, na treni inayotoka mbali, kutoka Zambia au Mbeya, hubeba uchelewaji wote ilioupata njiani. Treni iliyochelewa Mlimba haiwezi kuwahi Kisaki. Kwa hiyo abiria wa boti anayetumia TAZARA asikate tiketi ya boti ya siku ileile anayotarajia kufika jijini. Aulize kwanza ofisi ya stesheni kuhusu siku za treni katika wiki hiyo, kwa kuwa ratiba hubadilika, na aache walau usiku mmoja kati ya treni na boti.

Mlango wa pili ni barabara ya Kisaki hadi Bigwa, inayopita Bwakila Chini, Mvuha, Matombo na Mkuyuni kabla ya kuingia Manispaa ya Morogoro. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mwendo mzima wa kwenda Zanzibar. Barabara hii huambaa na miguu ya Milima ya Uluguru upande wa mashariki, ambako mito inayoshuka mlimani hujaa kwa ghafla wakati wa masika. Mvua inaweza kunyesha Kolero au Singisa usiku, Kisaki pakawa pakavu, lakini asubuhi gari likakuta maji yamepanda njiani. Dereva mwenye busara husubiri, na abiria naye hana budi kusubiri. Jambo hili halitabiriki kwa kutazama mawingu ya Kisaki peke yake.

Kutoka Morogoro mambo hubadilika. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya reli ya kisasa, SGR, hubeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Treni hii ya umeme ina uwezo wa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na humfikisha abiria jijini katika muda usiofika saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA wakati huduma inaanza ilikuwa shilingi 13,000. Stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, wala si katikati ya mji. Abiria anayeshushwa mjini na gari la Kisaki bado ana kipande kingine cha kwenda kwa daladala, bajaji au bodaboda. Tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, mizigo ina ukomo wake, na lango la abiria hufungwa kabla ya treni kuondoka. Aliyezoea basi la kudandia barabarani ataachwa Kihonda akiitazama treni kwa macho.

Asiyepata treni atakwenda Kituo cha Mabasi cha Msamvu na kupanda basi. Basi humshusha Mbezi Luis, katika Kituo cha Magufuli kilichoanza kutumika mwaka 2021. Wapo wanaodhani kwamba kufika Mbezi ni kufika Dar es Salaam. Kwa anayekwenda kwenye boti, Mbezi ni mwanzo wa safari nyingine ndefu ya mjini: ateremke hadi Kimara, apande mabasi ya mwendokasi ambayo yamekuwa yakipita Barabara ya Morogoro tangu mwaka 2016, na aende nayo hadi katikati ya jiji. Foleni za asubuhi na jioni zinaweza kula muda mrefu kuliko alivyokadiria. Treni ya SGR ina faida hapa, kwa sababu stesheni yake ya Dar es Salaam ipo katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, na kutoka hapo hadi gati la boti ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa kwa mtu mwenye mzigo wa kiasi.

Sasa ipo tahadhari moja ambayo imewapotezea wengi muda, nayo inatokana na neno dogo tu: feri. Dar es Salaam ina sehemu mbili za kupandia vyombo vya majini, na mgeni huzichanganya kwa urahisi. Ya kwanza ni Magogoni, mwisho wa Kivukoni, karibu na soko la samaki. Hapo ndipo pantoni za TEMESA huvusha watu na magari kwenda Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, na hapo ndipo wenyeji wa jiji huita Feri. Ya pili ni gati la boti za Zanzibar, lililopo Barabara ya Sokoine, mkabala na eneo la Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Abiria anayemwambia kondakta kwamba anakwenda feri atapelekwa Magogoni kwa nia njema kabisa, kisha atagundua kwamba boti yake ipo nyuma alikotoka. Hapo huanza kurudi kwa miguu juani akiwa na begi kichwani na mtoto mkononi, huku dakika zikimwishia.

Neno la kutumia ni boti za Zanzibar. Anayetoka Kimara kwa mwendokasi ashuke Posta ya Zamani, asiende hadi Kivukoni. Anayetoka TAZARA kwa daladala aulize gari la Posta, na akishuka aulizie Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa minara yake huonekana kwa mbali na kila mtu katika mitaa ile anaifahamu. Anayetoka stesheni ya SGR aifuate Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa upande wake wa kulia, hadi aone kanisa hilo. Kuuliza si ujinga, lakini inafaa kumuuliza askari, muuza duka au mlinzi wa ofisi. Wapo vijana karibu na gati wanaomkimbilia kila mwenye begi na kumwambia kwamba tiketi zimekwisha ila wao wanazo. Tiketi hununuliwa dirishani kwa kampuni yenye boti, au kwa njia ya simu kabla ya safari. Haikatwi barabarani.

Baada ya kuzifahamu njia hizi, swali linalobaki ni namna ya kuzipanga. Watu wengi hupanga safari kuanzia nyumbani: gari litaondoka alfajiri, kwa hiyo Mungu akipenda boti itapatikana. Mpango huo huacha kila kitu kwa bahati. Safari yenye saa ya mwisho hupangwa kuanzia mwisho.

Ichukuliwe kwa mfano boti inayoondoka saa 6:30 mchana. Abiria anapaswa awe ndani ya jengo la abiria saa 5:30, ili apate muda wa ukaguzi wa tiketi na mizigo. Ili afike hapo bila kukimbia, treni yake iwe imeingia Dar es Salaam kabla ya saa 4:30 asubuhi. Treni hiyo iwe imeondoka Morogoro karibu saa 2:30 asubuhi, naye awe amefika Kihonda saa 1:30. Je, lipo gari la umma linaloweza kutoka Kisaki usiku na kumfikisha Kihonda saa 1:30 asubuhi kwa uhakika, katika barabara yenye mito? Halipo. Hesabu yenyewe inatoa jibu: abiria wa boti anayepitia Morogoro hana budi kufika Morogoro jioni ya siku iliyotangulia. Usiku mmoja wa kulala ni sehemu ya safari hii, apende asipende. Tofauti ni kwamba anayepanga hulala Morogoro, kwa ndugu au katika nyumba ya wageni ya bei anayoifahamu, na asiyepanga hulala Dar es Salaam bila kutarajia.

Vilevile upo upande wa bahari. Upepo wa kusi unapovuma, hasa kati ya Juni na Septemba, bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka, na asiyezoea hutapika. Mara chache safari husitishwa kabisa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kwa usalama. Abiria anayetoka mbali asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka Kisaki, asingoje kuisikia akiwa gatini.

Wapo wanaolalamikia kuulizwa jina na kitambulisho wakati wa kukata tiketi, wakiona ni usumbufu. Historia ya karibuni inajibu lalamiko hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu waliozidi kwa mbali uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila kujua kama mtu wao alikuwamo. Jina lililoandikwa sawasawa ndilo linalomwezesha nahodha kujua idadi ya watu alionao, na ndilo linalomwezesha mzazi aliyebaki Kisaki kupata jibu. Basi abiria asisafiri kwa tiketi yenye jina la mwenzake, hata kama ameuziwa kwa bei ya huruma. Na kabla ya kuondoka nyumbani aache maneno: anakwenda lini, kwa boti ipi, na atapokelewa na nani katika bandari ya Malindi.

Kwa muhtasari, abiria huyu mmoja hupita mikononi mwa taasisi nyingi. Barabara kuu ni ya TANROADS, barabara za vijijini ni za TARURA, nauli na leseni za magari zipo chini ya LATRA. Reli moja ni ya TAZARA, nyingine ni ya Shirika la Reli Tanzania. Mwendokasi upo chini ya DART, gati ni la Mamlaka ya Bandari, na usalama wa vyombo vya majini kwa upande wa Bara husimamiwa na TASAC. Kila taasisi hutazama kipande chake, na vipande vingi vimeboreshwa sana katika miaka ya karibuni. Hata hivyo safari haiharibikii ndani ya vipande. Huharibikia kwenye maungio: pale gari la Kisaki linaposhusha watu mjini na treni ipo Kihonda, pale basi linapoishia Mbezi na gati lipo Sokoine, pale neno feri linapokuwa na maana mbili. Maungio hayana mwenyewe. Treni ya kilomita 160 kwa saa haimsaidii mtu aliyezuiwa na mto kabla ya Mvuha, wala aliyeshushwa Magogoni.

Mengi ya maungio hayo yapo nje ya uwezo wa Halmashauri ya Wilaya. Yapo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kata, na hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza ni ubao wa matangazo katika ofisi ya mtendaji wa kata na katika kila kituo cha kupandia magari, unaoonyesha siku za treni ya TAZARA kwa wiki husika, nyakati za magari ya Morogoro, na namba za simu za huduma kwa wateja za mashirika husika. Mtu mmoja apewe jukumu la kuufuta na kuuandika upya kila wiki, kwa sababu ubao wenye ratiba ya mwezi uliopita una madhara kuliko ubao mtupu. La pili ni makubaliano na wamiliki wa magari, ili walau gari moja kwa siku liondoke Kisaki kwa saa isiyobadilika, likiwa limejaa au halijajaa, na limalizie safari yake Kihonda kwa wenye tiketi za treni. La tatu ni mawasiliano kati ya watendaji wa Mvuha, Bwakila Chini na Kisaki wakati wa masika, ili habari ya mto uliojaa ifike Kisaki kabla gari halijaondoka. Simu moja ya alfajiri inaweza kuokoa siku nzima ya watu thelathini.

La nne linawahusu wananchi wenyewe. Wazee, wajawazito na wagonjwa wasiachwe wasafiri peke yao wakitegemea kuuliza njiani. Kijana aliyekwisha kufika Zanzibar mara mbili au tatu ana elimu ambayo jirani yake hana, na elimu hiyo haipungui inapogawanywa. Amwandikie mzee kwenye karatasi maneno manne: Kihonda, Stesheni, Sokoine, Mtakatifu Yosefu. Karatasi hiyo ndani ya mfuko wa kanzu au pindo la khanga ina thamani kuliko maelekezo marefu yaliyotolewa usiku na kusahaulika asubuhi.

Wapagazi wa zamani walioshuka kutoka Ukutu kwenda pwani walijua kila kambi, kila kisima na kila kivuko cha mto, kwa sababu aliyekosea kituo kimoja alihatarisha msafara wote. Vyombo vimebadilika, na wiki zimekuwa siku mbili. Hitaji la kuvijua vituo limebaki palepale. Kata inayowapa watu wake ujuzi huo kabla hawajaondoka nyumbani inakuwa imewafungulia njia, hata kabla lami haijafika mlangoni.